Halimo Kwenye Mwongozo: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Mtaala na Mitihani ya Fasihi

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaoandaa mtaala wa Kiswahili, mnaotunga karatasi za Fasihi na mnaoamua jibu lipi lipewe alama na lipi linyimwe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili hapa Nairobi, upande wa Eastlands, na huu ni mwaka wangu wa 19 darasani. Kilichonikalisha chini kuandika ni alama 3 alizonyimwa mwanafunzi wangu mmoja.

Mwaka jana, muhula wa pili, shule kadhaa ziliungana kuwatahini wanafunzi wa kidato cha tatu. Karatasi ya Fasihi ilikuwa na shairi la beti 5 lililotungwa na mwalimu mmoja wa jopo letu, ambaye ameniruhusu kulinukuu. Anayesema ni mama anayebeba magunia sokoni, na anayeambiwa ni mwanawe. Ubeti wa kwanza ni huu:

Mwanangu shika kalamu, andika nikutazame,
Kazi hii kweli ngumu, na gunia niiname,
Tangu usiku nadumu, gizani nisisimame,
Mwanangu shika kalamu, soma wala usikome.

Beti tatu zinazofuata zinakwenda mwendo huo huo, na kila moja inafungwa na kibwagizo kile kile. Kisha unakuja ubeti wa tano:

Herufi sizifahamu, risiti niitazame,
Tajiri ndiye hakimu, apangapo nisiseme,
Moyoni ninayo hamu, siku moja nisimame,
Nami nishike kalamu, nisome na nisikome.

Swali lilikuwa: “Eleza dhamira ya mshairi. (alama 3)”. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na sentensi moja tu: kuwahimiza vijana watie bidii masomoni.

Mwanafunzi wangu, msichana, aliandika kwamba mshairi anakusudia kuonyesha kiu ya elimu aliyo nayo mama mwenyewe. Akathibitisha. Alisema kibwagizo kimegeuka mwishoni: mama aliyekuwa akimwambia mwana ashike kalamu sasa anataka kuishika yeye. Alisema pia kwamba ubeti wa kwanza una neno “niiname” na ubeti wa mwisho una neno “nisimame”, kwa hivyo mama ameanza akiwa ameinama na anamaliza akitamani kusimama. Mistari mitano ya mwandiko wa penseli iliyopitiwa na kalamu ya wino. Kando yake msahihishaji akaandika 0.

Nilipoipeleka karatasi ile kwa kiongozi wa kikundi chetu cha usahihishaji, aliisoma mara mbili. Ni mwalimu hodari na mtu mwema, simlaumu. Akaniambia, “Jibu zuri sana hili, mwalimu. Lakini halimo.”

Chini kabisa ya mwongozo ule palikuwa na maneno tunayoyajua sote: kadiria majibu mengine yaliyo sahihi. Nikamwonyesha. Akajibu kwamba tukiufungua mlango huo kila mtu ataingia na lake, na meza yetu ilikuwa bado na karatasi zaidi ya 400 na siku moja ya kuzimaliza.

Naomba tulisome shairi hilo pamoja, jinsi ninavyolisoma na wanafunzi wangu. Tazameni kibwagizo. “Soma wala usikome” ni mizani 8, yaani silabi 8. Mshairi alipotaka kumgeuzia mama kauli hiyo, kiambishi cha nafsi kilimletea taabu: “nisome wala nisikome” inakuwa mizani 9, na shairi linachechemea. Kwa hivyo aliitoa “wala” akaweka “na”, mizani ikarudi 8. Mtu hafanyi kazi hiyo kwa bahati mbaya. Alihesabu, akaona imezidi, akapunguza. Badiliko la kibwagizo lilimgharimu, na pale ambapo mtunzi amegharimika ndipo msomaji anapopaswa kusimama na kuuliza: kwa nini?

Kuna jambo jingine, na hili lilionwa na msichana huyo huyo tulipolirudia shairi darasani. Mimi mwenyewe lilikuwa limenipita. Kitenzi “kutazama” kimetumika mara mbili. Katika ubeti wa kwanza mama anamtazama mwana akiandika. Katika wa mwisho anaitazama risiti. “Mwalimu,” akasema, “huyu mama kila penye maandishi yeye hutazama tu, hasomi.” Darasa lina wanafunzi 58 na huwa halinyamazi. Siku hiyo lilinyamaza. Mamake huuza mboga Marikiti, jambo ambalo huenda lilimsaidia kuona, ila katika jibu lake hakuandika hata neno moja juu ya mamake. Kila alichosema alikitoa ndani ya shairi.

Nilimwendea pia mwalimu aliyelitunga. Nilimwuliza alikusudia nini. Aliniambia kwa unyofu kwamba alikusudia kuwahimiza wanafunzi wasome, na ndiyo maana akaandika hivyo kwenye mwongozo. Nikamwonyesha ubeti wake wa mwisho na jibu la msichana. Akakaa nalo kitambo, akasema, “Nilikuwa nahesabu mizani, sikusikia nilichokuwa nasema.”

Basi hapo pana funzo kubwa kuhusu neno hili “dhamira” tunaloliuliza kila mwaka. Mwaka 1946 wahakiki wawili wa Marekani, W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley, walitoa hoja kwamba nia ya mtunzi haiwezi kuwa kipimo cha kuhukumia kazi yake, kwa sababu aghalabu hatuna njia ya kuifikia, na hata tukiifikia, kilicho mbele yetu ni kazi yenyewe. Si lazima tukubaliane nao kwa kila kitu. Mimi mwenyewe naona wamekaza kamba mno. Lakini katika chumba cha mtihani mtahiniwa hana mtunzi wa kumpigia simu. Ana beti 5, penseli na saa ya ukutani. Tukimwuliza dhamira, tunamwuliza kile ambacho beti hizo zinaweza kuthibitisha. Zaidi ya hapo tunamtaka akisie kilichokuwa kichwani mwa mtu aliyekaa na mwongozo.

Siwaombi mkubali kila jibu. Katika darasa lile lile yumo mvulana aliyejibu kwamba mshairi anakashifu ufisadi mahakamani, kwa kuwa ametaja tajiri na hakimu. Maneno hayo yamo kweli. Lakini ukiyasoma pamoja na majirani zake unaona kwamba “hakimu” hapo ni sitiari: tajiri ndiye anayeamua malipo, na mama hana la kusema anapopanga. Hakuna kesi, hakuna hongo, na beti nne nyingine hazina hata kivuli cha mahakama. Mvulana alinyofoa maneno mawili akayajengea nyumba mbali na yalipokuwa. Nilikaa naye, nikamwambia asome ubeti mzima kwa sauti, na kabla hajafika mwisho alikuwa ameshaona kosa lake mwenyewe.

Katika daftari la alama wanafunzi hao wawili wako sawa: 0 na 0. Hili ndilo linaloniuma. Aliyesoma kwa makini na aliyekurupuka wamepewa hukumu moja, kwa sababu hatukuwapima kwa shairi, tuliwapima kwa sentensi moja ya mwongozo. Na wale waliopata alama 3 kamili, wengi wao waliandika “watie bidii masomoni” bila kutaja mshororo hata mmoja. Nimewasahihisha, nawajua. Sentensi hiyo inatosha shairi lolote lenye neno kalamu, kitabu au shule.

Kutofautisha jibu la msichana na la mvulana si kazi ya ramli. Msahihishaji anaangalia kama kilichonukuliwa kimo, kama kinasema kinachodaiwa kikisomwa mahali pake, na kama sehemu nyingine za kazi hiyo zinakipinga. Mwalimu aliyezoea huifanya kwa muda mfupi tu. Ila anahitaji ruhusa iliyoandikwa kwa herufi kubwa, tena juu ya ukurasa, si chini kabisa pale ambapo macho yameshachoka.

Hofu ya kwamba kila mtu ataingia na lake naielewa. Nchi nzima inangoja matokeo, mzazi wa Mandera na wa Kilifi wanataka mtoto wao asahihishwe kwa kipimo kimoja. Lakini kipimo kimoja kinaweza kuwa uthibitisho. Mtahini wa Mandera na wa Kilifi wote wanaweza kukubaliana kama mshororo fulani upo au haupo.

Sasa nizungumzie vile vijitabu. Shuka River Road siku yoyote ya muhula wa kwanza uone vijitabu vya uchambuzi wa vitabu teule, vimepangwa kwa mafungu kama nyanya. Asiye na pesa hutumiwa faili kwenye WhatsApp. Ndani mna orodha: ufisadi, utabaka, usaliti, nafasi ya mwanamke, migogoro ya ndoa, malezi. Kila maudhui yana mifano mitatu, kila mhusika ana sifa sita. Nimekuwa na mwanafunzi aliyekariri maudhui 12 ya riwaya ambayo nakala yake ilikuwa bado inanuka gundi ya dukani, kurasa hazijawahi kutenganishwa. Alipata alama nzuri. Sikumkemea, kwa sababu alikuwa amesoma hali kuliko mimi: alijua kinachotafutwa ni orodha.

Wanaoandika vijitabu hivyo hawana hatia kubwa. Wao huuza kinachonunuliwa, na kinachonunuliwa hutokana na aina ya maswali. Tukiuliza “Taja na ueleze maudhui sita”, tumeagiza orodha sisi wenyewe. Kuna na vurugu ya istilahi: sisi huku tunasema dhamira kwa maana ya lengo la mtunzi, na maudhui kwa yale yanayozungumziwa; wenzetu wa Tanzania huiweka dhamira ndani ya maudhui, pamoja na migogoro, ujumbe na falsafa. Mwanafunzi aliyepata uchambuzi wa upande ule mtandaoni anachanganyikiwa, na si kosa lake. Hilo lingemalizwa kwa aya moja tu kwenye silabasi.

Swali letu la dondoo nalipenda. “Eleza muktadha wa dondoo hili” humlazimisha mwanafunzi kujua nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini maneno hayo yametoka wakati huo. Huo ni msingi wa usomaji wowote wa maana. Shida ni kwamba dondoo lenyewe ni mstari mmoja au miwili, na kitabu hakiruhusiwi chumbani, kwa hivyo baada ya zile alama 4 za muktadha kilichobaki hujibiwa kwa kumbukumbu. Wenzetu wa Kiingereza katika karatasi yao ya pili huchapiwa kifungu kirefu kutoka kitabu teule, kikawa mbele ya macho ya mtahiniwa, na maswali yakatoka humo. Sioni kwa nini mtahiniwa wa Kiswahili anyimwe hicho. Mpeni ukurasa mzima wa riwaya. Mwulizeni: msimulizi anamwonaje mhusika huyu, na ni neno gani limekujulisha? Mwandishi wa vijitabu hawezi kulijibu swali hilo mapema, kwa sababu hajui ukurasa upi utachapwa. Wala hakuna atakayelijibu bila kusoma.

Nimesikia ikisemwa, hata kwenye warsha, kwamba usomaji wa namna hii ni wa vyuo vikuu na wa kigeni. Naomba radhi, lakini Waswahili wameufanya kabla shule hizi hazijajengwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, mji na mji, wakati wa uhasama wao. Anayejibu katika kujibizana hawezi kujibu hewani. Huchukua neno la mwenzake, vina vyake, hata picha aliyoichora, akaligeuza mbele ya watu wanaolikumbuka shairi la kwanza neno kwa neno. Akilisingizia, hadhira inamkatiza. Tunao msemo wetu, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua; na kung'amua ni kushika uzi uliomo ndani ya fumbo lenyewe.

Karibu zaidi na hapa, mwaka 1969 Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa maandishi ya siasa, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973. Ninapoyafundisha, wanafunzi wakishajua habari ya kifungo wanataka kila mshororo uwe ukuta wa seli. Nawaambia: habari hiyo ni ya kweli na ina uzito, ichukueni, lakini nionyesheni ni neno gani katika ubeti huu linaloibeba. Mara nyingine wanalipata, na shairi linafunguka kwa namna inayonitetemesha hadi leo. Mara nyingine hawalipati, na wanakubali kwamba ubeti huo unasema jambo jingine. Watoto wa miaka 16 wanaweza kufanya hivyo kabisa. Nimewaona.

Nawaandikia sasa kwa sababu wakati ni huu. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya imeingia shule za upili Januari 2026, na Fasihi ya Kiswahili ni somo la hiari katika mkondo wa Sayansi ya Jamii. Watakaolichagua watatahiniwa mwishoni mwa 2028. Kidato cha mwisho cha mfumo wa zamani wa 8-4-4 kitafanya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, mwaka 2027. Kwa hiyo kuna karatasi ambazo hazijatungwa, na miongozo ambayo haijaandikwa. Mtaala mpya unasema sana juu ya kufikiri kwa kina. Karatasi ya kwanza ya somo hilo ndiyo itakayowaambia walimu kama maneno hayo yana maana, maana sisi walimu, tuseme ukweli, hufundisha kinachotahiniwa.

Ombi langu la kwanza ni kwamba kila swali la dhamira au maudhui litenge alama za uthibitisho peke yake, waziwazi, hivi kwamba anayetaja bila kuonyesha asipate zote, na anayeonyesha vizuri asitoke mikono mitupu kwa sababu tu msomaji mwingine aliona tofauti. Pamoja na hilo, kwenye kikao cha kuwaandaa watahini kabla ya usahihishaji, wekeni mezani majibu halisi ya wanafunzi yasiyomo kwenye mwongozo, watahini wayajadili na kuyapa alama pamoja. Jibu la msichana na la mvulana yangefaa sana. Asubuhi moja ingetosha. Na kifungu kirefu cha kitabu teule nimeshakisema.

La vitabu lenyewe mnalijua, silirefushi: mtu hawezi kutoa ushahidi kutoka kitabu ambacho darasa linakigawana wanne kwa nakala moja. Jumamosi huwapeleka baadhi ya wanafunzi wangu maktaba ya Kaloleni, ambako angalau pana meza na utulivu, na huko ndiko wengi wao husoma sura nzima kwa mara ya kwanza bila kugawana ukurasa.

Nirudi kwa msichana. Nilipomrudishia karatasi aliniuliza amekosea wapi. Nikamwambia hajakosea. Akauliza mbona basi 0. Sikuwa na jibu ambalo ningeweza kumpa huku nikimtazama usoni. Muhula uliofuata tulikuwa na mtihani mwingine wa pamoja, shairi jingine, swali la dhamira tena. Aliandika sentensi moja safi iliyofanana na za kwenye vijitabu, bila mshororo hata mmoja wa kuithibitisha, akapata alama 3 kati ya 3. Hakuja kuniuliza lolote.

Sasa yuko kidato cha nne na atafanya KCSE mwaka huu. Karatasi yake ya kwanza, ile yenye 0, ninayo, na kwa idhini yake nimeinakili. Nitaileta ofisini kwenu siku yoyote mtakayoniita, hata iwe saa 1 asubuhi kabla ya vipindi, ili mlisome jibu lake mkiwa na shairi kando.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili na Fasihi,
Eastlands, Nairobi